Madeni ya Rumonge: Uainishaji wa Awali

Samaki wa Ziwa Tanganyika wamekwisha kupangwa. Ndagala wana majina yao ya Kilatini, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Mukeke ni Lates stappersii. Deni, ambalo hapa Rumonge, pwani ya Burundi, huzaliana majira yote, bado halijapata hata jina la ukoo. Makala haya yanaanza kuziba pengo hilo.

Waliotutangulia wameyapanga madeni kwa ukubwa, nalo ni kosa la wazi, maana laki moja kwa mwenye mtumbwi si laki moja kwa mchuuzi wa ndizi. Wengine wameyapanga kwa aina ya mkopeshaji, jambo linalozua ugomvi katika familia. Sisi tunashika kigezo kimoja tu: kalenda ya kulipa iko mikononi mwa nani?

Katika jenasi ya kwanza kalenda iko angani. Wavuvi wa hapa huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikomaa samaki hawana haja na taa ya mtu. Kwa wiki moja hivi mitumbwi hulala mchangani na nyavu hushonwa. Ndiyo wiki ambayo daftari la butiki hunenepa: unga kilo mbili, sabuni nusu mche, mafuta ya kupikia kipimo kimoja. Giza likirudi, watu wanalipa. Hili ni deni lenye afya, kwa kuwa pato na malipo hufuata mwezi uleule. Huugua pale kalenda ya pili inapoingilia. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na daftari la huko lililozoea kusubiri wiki moja likatakiwa kusubiri miezi mitatu.

Daftari lenyewe linastahili kuchunguzwa kwa karibu. Ni la mistari, jalada limelainika kwa mafuta, kalamu imefungwa kwa uzi ili isikopwe. Aliyelipa hukatwa kwa mstari mmoja, aliyelipa nusu huandikwa upya pembeni, na anayepita njia ya nyuma siku hizi huzungushiwa duara. Wamarekani walihitaji kampuni ya Fair Isaac na kompyuta zake ili mwaka 1989 waitoe alama ya FICO, ambayo huanzia 300 ikaishia 850. Asilimia 35 ya alama hiyo ni jinsi ulivyolipa huko nyuma, na asilimia 30 ni kiasi unachodaiwa sasa. Mama mwenye butiki huipiga hesabu hiyohiyo huku anapima sukari. "Lako limejaa, mwanangu. Mwambie mama yako aje mwenyewe." Hapo ombi limekataliwa, sababu imetolewa na mdhamini ametajwa. Mama huyo huuliza pia hali ya mtoto aliyelazwa; FICO, kwa upande wake, haijawahi kumuuliza mtu swali hilo.

Jamaa wa karibu wa deni hili ni mali kauli: mchuuzi anachukua ndagala wakavu asubuhi kwa neno lake tu, analeta fedha akishauza. Hatutakaa hapo, maana anayevunja kauli soko zima lina habari zake kabla ya adhuhuri.

Jenasi ya pili kalenda yake iko mtini. Mwenye michikichi hukopa mikungu ikiwa bado mibichi, akaahidi mafuta. Mkopeshaji, ambaye ni msomi wa bei kuliko sisi, hutoa fedha wakati wa dhiki, hupokea madumu wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kisha huyaweka ghalani mpaka bei ipande. Faida inabaki kwa aliyeweza kusubiri. Kuliweka shamba lenyewe rehani kuna utata wake. Mwaka 1972 watu wengi wa uwanda huu walikimbilia Tanzania na mashamba yao yakashikwa na wengine. Waliporudi, tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, ilikuta mti mmoja una wenyewe wawili. Benki gani itaipokea rehani hiyo kwa moyo mkunjufu?

Vikundi vya kuweka na kukopa, vile ambavyo Burundi vimejulikana kwa jina la Nawe Nuze, tunavipita haraka kwa sababu havina cha kuchekesha. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na siku ya mkutano kila mtu anaijua.

Sasa tufike kwa spishi iliyotufanya tushike kalamu, yaani kadi. Kadi ya mkopo halisi si mwenyeji wa pwani hii. Septemba 1958 Bank of America iliwatumia watu wa Fresno, California, kadi 60,000 ambazo hawakuziomba, na tangu hapo kanuni haijabadilika sana. Ukilipa bili yote ifikapo tarehe yake, kwa kawaida manunuzi yako hayana riba. Ukilipa kile kiwango cha chini tu, kalenda imehamia kwa benki. Deni la dola 1,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka huzaa kama dola 20 kwa mwezi. Aliyelipa 25 amepunguza 5. Ndugu zetu walioko Marekani wanaelewa tunachosema.

Huku kwetu tumekuza spishi ya kienyeji. Mwalimu ana kadi ya kuchukulia mshahara. Shida ikimkuta katikati ya mwezi, huenda kwa Banque Lambert. Msomaji asitafute jengo. Ubelgiji ilikuwapo benki ya kweli yenye jina hilo, iliyoungana na Banque de Bruxelles mwaka 1975. Hii yetu hukaa kwenye kiti cha plastiki, haina leseni ya Benki Kuu, na dhamana yake ni kadi ya mwalimu pamoja na namba ya siri kwenye kikaratasi. Mshahara ukiingia, mkopeshaji ndiye anayetangulia kuuchukua. Kwa hiyo tunayo kadi ambayo mwenye deni haigusi kabisa.

Tuchukue mfano wa faranga 100,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Mwalimu asiyemudu zaidi ya riba atatoa 30,000 kila mwezi. Mwezi wa nne ameshatoa 120,000, na deni liko palepale, 100,000. Mvuvi wa jenasi ya kwanza hawezi kulielewa jambo hili hata ukimchorea: giza limerudi mara nne na mtu bado anadaiwa kilekile.

Mwalimu, kama unasoma haya na kadi yako iko mfukoni mwa mtu, kesho nenda benki ubadilishe namba ya siri. Kisha mfuate mwenye fedha zake, mkubaliane kiasi na tarehe mbele ya shahidi, tarehe inayofuata mshahara wako, na umlipe kwa mkono wako mwenyewe.