Shangazi Amtunza Mpiga Piano

Wazee wa Kiingereza waliokwisha kuvuka miaka themanini wana ukarimu mmoja ambao watoto wao hawana, nao ni kwamba hawaoni haya kukohoa, kusinzia wala kunywa chai mbele ya muziki mtukufu. Na hayo nimeyashuhudia mjini Portsmouth, bandari ya kusini mwa Uingereza ambako Wazanzibari wengi walifanya makazi baada ya mapinduzi ya 1964. Huko shangazi yangu, Mwenyezi Mungu amzidishie umri, huhudhuria nyumba moja ya jamii iliyotengwa kwa ajili ya wazee, akala chakula cha mchana, akacheza karata na, Alhamisi ya mwisho ya kila mwezi, akasikiliza piano. Nami wadhifa wangu ni kumpeleka, kumketisha na kumshikia mkoba.

Piano yenyewe ni ile ya kusimama, imeegemezwa ukutani baina ya mlango wa jikoni na radieta, na kwa mahali hapo tu mjuzi hutambua kwamba ni mgonjwa; kwani ndani yake mna nyuzi za chuma zipatazo 230, na nyuma ya nyuzi hizo ubao mwembamba ambao hunywa unyevu wa kiangazi na kukauka radieta zinapowashwa, hata sauti zikapanda na kushuka kama homa ya vipindi. Juu yake wamezoea kuweka maua ya plastiki, picha ya harusi isiyojulikana ni ya nani, na bati la biskuti lenye tiketi za bahati nasibu. Na bati hilo lina tabia ya kuitikia kila inapoguswa sauti moja nzito ya mkono wa kushoto, hata mpigaji, bwana mmoja mrefu, mstaafu, mwenye adabu ya kupindukia, huanza kila tamasha kwa kulihamishia dirishani, na aliye karibu naye hulirudisha.

Siku ninayoitaja alianza na ile sonata ya Beethoven ya mwaka 1801 iitwayo ya Mbalamwezi, akatueleza kwamba jina hilo si la mtungaji, bali lilitokana na maneno ya mhakiki Ludwig Rellstab baada ya Beethoven kufariki. Bibi mmoja wa safu ya mbele akajibu, kwa sauti ya kusikika jikoni, kwamba basi huyo ndiye aliyekuwa na akili. Sehemu ya kwanza ya sonata hiyo, kwa amri ya Beethoven mwenyewe, hupigwa kwa sauti ya chini mno tangu mwanzo hadi mwisho, na katika utulivu huo ukazuka mluzi mwembamba, mrefu, usio na mwenyewe. Mpigaji akasita, akadhani ni uzi umelegea, akainuka, akafunua kifuniko cha juu na kuingiza kichwa ndani. Kumbe ni kifaa cha kusikilizia cha mzee mmoja kilichokaa upande sikioni. Lakini kwa kuwa nusu ya hadhara walivaa vifaa hivyo, na kila mmoja akashuku kuwa ni chake, mikono ikapanda masikioni kwa pamoja, na kwa kuguswa huko vikaanza vyote kupiga mluzi, huku bwana yule akiwa bado na kichwa ndani ya piano, akistaajabia namna maradhi yalivyoenea.

Yalipotulia, kitoroli cha chai kikaingia. Msimamizi akanyoosha mkono kukizuia, ndipo yule bibi wa safu ya mbele, mwenye miaka tisini na kitu, alipomkumbusha kwamba yeye, alipokuwa mtoto, mama yake alimpeleka katika matamasha ya mchana ya mpiga piano Myra Hess, kwenye Jumba la Taifa la Picha mjini London, yaliyoanza Oktoba 1939 picha zilipokwisha kuhamishwa kwa kuchelea mabomu, na kiingilio kikawa shilingi moja. Na huko watu walikula mikate yao, na Hitler hakuweza kuwazuia, sembuse yeye. Kitoroli kikapita. Nami, bila ya kuulizwa, naona bibi alikuwa na haki kuliko alivyojua, maana adabu hii ya kukaa kimya hadi tamati si kongwe kama tunavyoaminishwa: Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris mwaka 1778, amejaa furaha, kwamba watu walipiga makofi muziki ukiwa katikati.

Ama shangazi yangu ametoka katika ada iliyo mbali zaidi na ukimya. Amekulia Unguja, ambako klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa ilianza tangu mwaka 1905, na ambako taarab hufunguliwa kwa bashraf, yaani ala tupu kabla ya mwimbaji kutokea, na ikikugusa hukai ukaitazama tu, bali huinuka na noti mkononi, ukaenda kwa madaha hadi jukwaani, ukatunza papo hapo, wimbo ukiendelea na watu wote wakiona. Basi ilipofika zamu ya Chopin, nayo ni Nocturne ya pili katika zile za opus 9 zilizochapishwa mwaka 1832, nikauona mkono wake ukiujia mkoba.

"Shangazi, huku hawafanyi hivi," nikamnong'oneza.

"Ndiyo maana kakonda," akanijibu, na akainuka.

Muziki ule huchukua kama dakika nne na nusu, na kwa mwendo wa bakora, kutoka safu ya tatu, nyingi katika hizo zilikwisha njiani. Alikwenda akiyumba taratibu, noti ya pauni tano ikipepea juu ya kichwa chake, akamzunguka mpigaji ambaye, masikini, hakuwa na mkono hata mmoja wa kupokelea, kisha akaitia katika mfuko wa kifuani mwa koti na kuupigapiga mfuko huo. Bwana yule akashukuru kwa kutikisa kichwa, na mkono wake wa kushoto ukaruka ukatua pasipo pake.

Sasa, mchana huo huo palikuwa pametangazwa kwamba paa la jikoni linavuja na fedha zinahitajika. Waingereza wakaunganisha hayo mawili kwa haraka ya ajabu, pochi zikafunguliwa, foleni ikajipanga, na bati la biskuti likarejeshwa juu ya piano kupokea sarafu. Mpigaji, kwa adabu yake, aliona si uungwana kumaliza ilhali watu wamesimama, kwa hiyo alipoufikia mwisho akarudi mwanzo, na bati likamwitikia, safari hii kwa sauti nzito zaidi kwa kuwa lilikuwa na mali.

Garini shangazi alikuwa radhi kwa jumla, ila alikuwa na swali moja.

"Bashraf nzuri, mwanangu, lakini ndefu mno. Na huyo mwimbaji, alipatwa na nini asitokee?"

Wiki iliyofuata ukabandikwa waraka mlangoni, wa kiungwana sana, ukiwaomba wenye kutaka kutoa chochote wangoje muziki umalizike. Shangazi akataka nimfasirie, akausikiliza hadi mwisho, akasema kwamba muziki ukishakwisha hiyo si tunzo tena, ni mshahara, na kumlipa mshahara si kazi yake. Ama mpigaji, mwezi uliofuata alinivuta kando kabla ya kuketi, akaniuliza kwa haya kama bibi atakuwa radhi kupita upande wa kushoto, kwani ndiko uliko mfuko, na akipita kulia humziba asione vibao vya juu, ambako Chopin aliweka mapambo yake yote.