Paa la Kuficha

Hongera, mwenye nyumba. Paa lako la kuficha limefichika kweli: ukuta umelisitiri vilivyo, mpita njia haoni bati hata moja. Maji ya masika nayo hayakuona pa kutokea, kwani gata la ndani limejaa majani ya mwembe tangu mwaka juzi, basi yakashukia sebuleni na kuichora jipsamu ramani ya Ziwa Tanganyika. Dukani uliiruka geji 28 ukachukua 32, maana namba kubwa ndilo bati nene, sivyo? (Ni kinyume, lakini muuzaji akukatize raha kwa nini?) Sasa fundi uliyemnyima hela ya kuzibua gata umemwita apande haraka. Apande wapi? Umemwambia aje na rangi nyeupe ya dari. Jumapili una wageni.