Mlikuwa Mnaongea Wakubwa

Tangu nihamie Kisarawe, jirani na msitu wa Pugu, sijakutana na mtu anayekubali kusema "sijui" mbele ya jani.

Masika yale mmea mmoja ulitambaa ukapanda ua wangu wa michongoma. Majani matatu matatu kama maharage, maua ya zambarau iliyokolea yananing'inia kwa vishada. Nikamwonyesha jirani, Baba Zawadi. Hakuutazama hata mara mbili. "Kunde mwitu hizo, ndugu yangu. Chemsha mizizi, kunywa kutwa mara tatu, huo mgongo unaoulalamikia utausahau." Fundi rangi akapinga akiwa juu ya ngazi: hizo ni fiwi, kwao Lindi huungwa kwa nazi. Shemeji yangu, msomi wa ukoo, akapiga picha kwa simu yangu, tukasubiri mtandao. Jibu: jamii ya mikunde. Yaani bando langu limekwisha ili niambiwe kinachofanana na maharage ni ndugu yake maharage!

Kiangazi kikafika, maganda yakakauka. Yamejipinda kama herufi S, yamevaa manyoya ya rangi ya dhahabu, laini kama mahameli. Nikasema leo nachunguza mwenyewe. Nikachuma moja, nikalipapasa, nikalinusa. Jasho likanitiririka, nikajifuta shingo.

Jamani! Shati sijui lilivukaje. Nikakimbilia maji, maji nayo yakausambaza muwasho hadi kiunoni. Mke wangu akanipaka majivu mwili mzima, nikawa kama muhogo uliotoka jikoni. Shemeji, kwa utulivu wa mtu asiyewashwa, akasoma kwenye simu: vinyweleo vya ganda vina protini inayochokoza ngozi, jina la kitaalamu *Mucuna pruriens*, na hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake "unaowasha". Kumbe hata wenye Kilatini chao walijifuta shingo.

Mtoto wa Baba Zawadi, wa darasa la tatu, alikuwa kakaa kwenye gogo anamenya chungwa. "Shikamoo, baba mkubwa. Huo upupu."

"Marahaba. Ulikuwa unaujua?"

"Tangu ulipoota."

"Mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnaongea wakubwa."

Jioni baba yake akanisalimu kutoka ng'ambo ya ua: "Vipi mgongo, jirani?"

Niseme kweli tu: tangu asubuhi nilikuwa nimeusahau.