BMW Yaibwaga BMW

Mwaka 1979 BMW ilianzisha mbio zake, Procar, za kusindikiza Formula 1 barani Ulaya. Gari ni moja tu kwa wote: M1, fupi kama kobe aliyejikunyata, injini ya lita 3.5 ikinguruma nyuma ya kisogo cha dereva. Zolder, siku ya ufunguzi, Elio de Angelis akashinda. Yaani BMW ikashinda. Monaco akashinda Niki Lauda. BMW tena! Mbio nane, ushindi nane, na hakuna aliyeomba marudiano.

Hoja yenyewe ilikuwa tamu: magari yakiwa sawa, atajulikana nani fundi wa usukani. Sawa kabisa. Ndiyo maana madereva watano waliotia fora kwenye mazoezi ya Ijumaa ya Formula 1 walikabidhiwa magari ya kiwanda na kupangwa mbele ya wenzao.

Na wa Ferrari na Renault? Hao waliishia kutazama. Timu zao zilivaa matairi ya Michelin, Procar ilivaa Goodyear. Kwa hiyo Jody Scheckter, bingwa wa dunia wa mwaka huohuo, na Gilles Villeneuve aliyemfuatia, hawakukanyaga. Umeandaa shindano la kumtafuta mkimbiaji hodari, halafu unawazuia wawili wa kwanza mlangoni kisa viatu.

Taji alichukua Lauda. Mwishoni mwa Septemba akaacha pia Formula 1, akieleza kwamba amechoka kuzunguka palepale.