Kwaya Nzima kwa Vidole Kumi

Mwenyezi Mungu, ambaye hupima viungo vya waja wake kwa kipimo anachokijua Yeye, alinijaalia mikono midogo, na kwa muda mrefu wa maisha yangu hapa mjini Singida sikuona sababu ya kunung'unika, kwa kuwa mkono mdogo ni milki yenye manufaa makubwa nyumbani: ndio uingiao ndani ya kioo cha taa ya chemli kukifuta masizi, ndio ufikao kitako cha chupa ya chai pasipo auni ya kijiti, na ndio utafutwao kwa hima na jirani ambaye funguo zake zimedondoka baina ya kabati na ukuta. Nilikuwa nikiitwa nyumba hata nyumba, nikirudi na shukrani, na mara nyingine na chupa ya mafuta ya alizeti. Neema hiyo ilidumu mpaka nilipotia nia ya kuupiga kwa kinanda wimbo uitwao Baba Yetu, na hapo kila kidole changu kikaanza kunidai maelezo.

Wimbo wenyewe una nasaba ya ajabu. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ile ile ambayo watoto wa kwetu huihifadhi kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Lakini muziki wake haukutungwa na mwalimu wa kwaya wa Iramba wala wa Manyoni, bali na Mmarekani, Christopher Tin, kwa ombi la Soren Johnson, aliyekuwa ameishi naye chumba kimoja katika Chuo Kikuu cha Stanford, na ambaye alikuwa msanifu wa mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV. Mchezo ulitoka mwaka 2005, ukiwa na wimbo huo mlangoni pake. Baadaye wimbo ukarekodiwa upya kwa sauti za Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini katika albamu ya mwaka 2009, Calling All Dawns. Na mwezi wa Februari 2011 ukapata tuzo ya Grammy, ukiwa wa kwanza kati ya nyimbo zilizotungiwa michezo ya kompyuta kufikia daraja hiyo.

Mimi niliusikia kwa mtoto wa kaka yangu, kijana ambaye huwasha mchezo kisha akaenda kuoga, na kwa kuwa wimbo hupigwa maadamu mchezaji hajaanza kucheza, nyumba yetu ilikuwa ikisali kutwa. Nilimwuliza mchezo wenyewe wahusu nini.

"Shangazi, unapewa taifa mwaka 4000 kabla ya Kristo, halina hata kijiji," alinieleza kwa taadhima, "unalilea mpaka linarusha chombo angani, kama majirani hawajalimaliza."

Akanionyesha mataifa yaliyomo: Warumi, Wachina, Wamisri, na Wamali wakiongozwa na Mansa Musa mwenyewe. Nikauliza Waswahili wako ukurasa gani.

"Waswahili hawamo, Shangazi. Wameombwa sala tu."

Nadhani ilikuwa ghera, wala si mapenzi ya muziki peke yake, iliyonituma kumwagiza anitafutie nukuu za wimbo huo kwa kinanda. Alizichapisha dukani mjini, akaniletea bunda la karatasi lililokuwa jeusi kwa wingi wa nota. Aliyezipanga alikuwa amechukua kwaya, zeze kubwa na ndogo, tarumbeta na ngoma, akavishindilia vyote katika vidole kumi vya mtu mmoja: mkono wa kushoto umepewa oktava zinazopanda na kushuka bila kituo, na wa kuume akodi za sauti nne nne, ilhali kidole cha mwisho, ambacho kwangu ni kifupi kuliko vyote na kivivu kupita vyote, ndicho kilichokabidhiwa kuimba sauti ya kwanza.

Kibao cheupe cha piano ya kawaida kina upana wa milimita 23.5, kwa hiyo kutoka do ya chini hadi do ya juu vidole havina budi kutandaa sentimita 16 na nusu. Kiganja changu kikitandazwa mpaka kigeuke rangi hufika hapo kwa ncha ya kucha tu, na katika kufika huko hugusa re njiani na kukanyaga ti mwishoni, hata msikilizaji akadhani nimeingiza mapambo ya makusudi. Piano ni kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine, naye mtu huyo ni jamaa ya Rachmaninoff, mpiga piano Mrusi ambaye mkono wake ulivuka oktava na kubakiwa na wasaa mkubwa. Wala si mimi peke yangu niliyeionea taabu. Josef Hofmann, mzaliwa wa Poland aliyehesabiwa miongoni mwa mabingwa wa zama zake, alikuwa na mikono midogo, na kampuni ya Steinway ikamtengenezea piano zenye vibao vilivyopunguzwa upana. Na Alicia de Larrocha wa Hispania, mwanamke mfupi wa kimo, aliutetemesha ulimwengu kwa mikono ambayo hapa kwetu ingeitwa kuosha chupa za chai. Kijana wangu alipendekeza nijifungie kifaa cha kuvuta vidole usiku. Nilimsimulia habari za mtunzi wa muziki Robert Schumann, aliyejiharibia kidole cha mkono wa kuume angali kijana, na ambaye wengi husema aliumizwa na chombo cha namna hiyo hiyo. Pendekezo likaondolewa mezani.

Fauka ya hayo, chombo nilichokuwa nacho si piano bali ni kinanda cha umeme cha kanisani. Piano kamili ina vibao 88. Kinanda chetu kina 61. Palipoandikwa sauti za chini kabisa, mkono wangu wa kushoto ulisafiri kwa imani mpaka ukafika mwisho wa vibao, ukaigonga plastiki, na plastiki ikatoa sauti ya plastiki. Msiba mkubwa zaidi ulikuwa juu ya vibao, palipopangwa vitufe vya midundo. Mwenye mikono mirefu hubonyeza akodi huku kiganja kimetulia. Mwenye mikono mifupi hana budi kuusukuma mkono mbele baina ya vibao vyeusi ili apate upana, na katika kusukuma huko ncha ya kidole cha kati hufika isikoalikwa. Kwaya ya kanisa letu, niliyokuwa nikiipigia kinanda, ilikuwa imesimama, imeinamisha vichwa, imefika penye kuomba msamaha wa makosa, mara kinanda kikaanza chenyewe kupiga samba, kwa bidii na kwa mwendo wa kasi, pamoja na manyanga. Nilitafuta kitufe cha kuzimia, nikapata cha kuongezea sauti. Insafu yanilazimu kusema kwamba akina mama wa sauti ya pili hawakutoka nje ya mdundo hata mara moja.

Upepo nao ulidai sehemu yake. Miezi ya kiangazi Singida hupata upepo usiojua adabu, upitao juu ya maji ya chumvi ya Ziwa Singidani na baina ya majabali, kisha ukaingia kanisani kwa madirisha ya upande mmoja na kutokea upande wa pili. Nilizibana karatasi kwa vibanio vya nguo. Upepo ukazichukua pamoja na vibanio. Tulipokwisha kuziokota katika ua wa michongoma na kuzipanga kwa haraka, ukurasa wa nne ukatangulia wa pili, tukafika Amina kabla ya kuomba chakula.

Mzee mmoja wa kanisa, ambaye kwa kawaida hukaa kiti cha nyuma na kufumba macho bila kulala, alinisubiri mlangoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wimbo huu ni namba ngapi kitabuni?"

Nilimweleza kuwa haumo kitabuni, umo katika mchezo wa kompyuta.

"Mchezo wa nini?"

"Wa kujenga dola, Mzee. Na kupigana pia, ikibidi."

Alitafakari kwa kitambo. "Na sala inaimbwa kabla ya kupigana, au baada?"

"Kabla, Mzee. Mchezo hauanzi mpaka uupitie wimbo."

"Basi hao wametushinda. Sisi kwenye kamati ya ujenzi tunaanza kupigana, ndipo mtu akakumbuka kuwa hatujasali."

Maneno hayo yalinitia moyo wa kutafuta tadbiri. Nilikaa na karatasi zile na kalamu ya risasi, nikaiuliza kila nota kazi yake. Akodi ya sauti nne aghalabu ina sauti moja inayorudiwa, nikaifuta. Palipo pana nikavunja akodi, nikiipiga kutoka chini kwenda juu, sauti baada ya sauti, nikaona hata inapendeza zaidi. Sauti ya katikati ambayo kidole gumba cha kuume hakikuifikia nilimpa gumba cha kushoto, kila alipokuwa hana shughuli. Mwenye mkono mkubwa hupiga kila alichoandikiwa, wala hatajua daima ni sauti ipi iliyo nguzo na ipi iliyo pambo. Mwenye mkono mdogo hulazimika kujua, maana hana nafasi ya kubeba vyote.

Zilibaki oktava za kushoto. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba sauti zile asili yake ni watu: mpangaji alikuwa amewanyang'anya waimbaji mali yao akanibebesha mimi, nami nikaazimia kuirudisha kwa wenyewe. Niliwaita watu wa besi, nikawaeleza kuwa mimi nitapiga sauti ya juu ya oktava nao waivumishe ile ya chini. Kiongozi wao ni fundi baiskeli, pande la mtu, ambaye kiganja chake kimoja kingefunika kinanda chetu nusu.

"Dada, sasa sisi tunaimba maneno, au tunakuwa nani?"

"Mnakuwa kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto."

Tangu hapo fundi yule huitwa Kidole, mpaka sokoni, naye huitika kwa fahari. Jumapili tulipouimba wimbo, vitufe vya midundo vikiwa vimefunikwa kwa kipande cha boksi na kila ukurasa umegandishwa kwa gundi ya karatasi, besi ilinguruma chini ya mkono wangu hata nikajiona nina urithi wa Rachmaninoff. Baada ya ibada yule mzee alinishika mkono, akaugeuza kuutazama mbele na nyuma kwa mshangao, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini iwapo mchezo ule hauna pia wimbo wa kutolea sadaka, maana huu wa sasa watu wameuzoea, na mfukoni hawafiki.