Barua ya Wazi kwa Wenye Moteri Yetu

Lubumbashi, Haut-Katanga

Kwa Bwana Mkubwa Direkta wa ofisi yenye mashua, gati na moteri zetu. Jina la ofisi tumeliacha, pongezi zisije zikakulemea kwa mpigo mmoja.

Yahusu: moteri ya mashua ya Kasenga, kwenye mto Luapula, ambayo imelala tena.

Bwana Mkubwa Direkta,

Pokea kwanza salamu za heshima kutoka kwa wamama wanaouza samaki soko la Kenya la hapa mjini, kwa mabaharia wa Luapula, na kwa sisi wengine ambao kazi yetu ni kukaa mezani na bukari tukisubiri kitoweo. Tumesikia kwamba moteri imefunguliwa. Tumefurahi. Kila mwaka inafunguliwa na kila mwaka tunafurahi, maana katika jambo hili lote furaha ndiyo pekee ambayo bado haijapandishwa bei.

Ratiba yako tumeikariri. Machi, uvuvi unapofunguliwa, moteri inaanza kukohoa. Mei inazimika. Juni tunachangishwa. Julai inapakiwa kwenye lori, inapanda barabara ya RN5 mpaka Lubumbashi ikisindikizwa na mawakala wanne, kila mmoja na karatasi yake ya misheni, kwa sababu moteri iliyokufa yajulikana kwa kutoroka. Hapa mjini inalazwa chini ya paa la depo, na devi ya kwanza, yaani karatasi ya makadirio ya gharama, inatoka: pistoni, segma, jointi. Bei ya pikipiki. Tunalipa. Ndipo fundi anafungua kulasi, anaangalia ndani, anatikisa kichwa kwa huzuni, na devi ya pili inatoka, safari hii na kranki. Bei ya pikipiki tatu. Tunalipa tena. Septemba tunaambiwa piesi iko Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mtu wa Lubumbashi huenda Kasumbalesa asubuhi, akanunua, akagombana na wabadili pesa, na jioni yuko nyumbani. Piesi yetu ikifika huko inahamia na familia.

Desemba, moteri inarudi Kasenga. Imepakwa rangi. Inapigwa picha. Inanguruma vizuri mbele ya mashua zilizopinduliwa kifudifudi ufukweni, maana uvuvi umefungwa. Ng'ambo ya Zambia wanafunga tangu 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazae, nasi samaki wetu ni hao hao. Moteri inangojea pamoja nao, bila mtu wa kuigusa wala kuitia grisi, mpaka Machi. Machi inaanza kukohoa.

Wakati huo wote tunakula tomson. Samaki huyu anavuliwa bahari ya Namibia, anagandishwa, anavuka Zambia nzima, anapita Kasumbalesa hiyo hiyo iliyoteka piesi zetu, na asubuhi yuko Kenya sokoni, saa yake haikosei. Makobo wa Kasenga, wa hapo kwa jirani, kilomita mia mbili na kidogo, anaozea kwenye mtumbwi kwa sababu kasia halishindani na jua. Kabla ya uhuru Wagiriki wa Kasenga walikuwa na mashua za moteri na barafu, wakalisha wachimbaji wa kampuni ya Union Minière samaki wa Luapula. Hao hawakuwa malaika, walikuwa wafanyabiashara. Lakini walijua kwamba mwezi wa samaki na mwezi wa moteri ni mwezi mmoja.

Bwana Mkubwa, hapa mzaha unanikauka mdomoni. Mashua nzuri inapokosa moteri, watu hawaachi kusafiri. Wanapanda chochote kinachoelea, na mwenye nacho anawarundika mpaka maji yanalamba ukingo. Tarehe 3 Oktoba 2024 MV Merdi ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, imejaa kupita kiasi, watu wakiwa ufukweni wanaitazama. Barabara ya kule ilikuwa imefungwa na vita. Ya kwetu nani ameifunga? Kwetu hakuna vita. Kuna devi. Siku mtumbwi wa wamama wa samaki utakapopinduka Luapula, utatuma mawakala wanne na shada la maua, na mawakala hao watakuwa na karatasi za misheni.

Niwie radhi kwa sauti. Turudi kwenye adabu.

Huenda unaona kwamba tuna haraka. Basi tukumbuke wageni waliowahi kupita hapa hapa mjini na mzigo kama wako. Mwishoni mwa Julai 1915 treni iliingia Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kutoka Cape ikiwa na mashua mbili nzima za kivita za Waingereza, Mimi na Toutou. Reli iliwafikisha Fungurume. Baada ya hapo mashua zilikokotwa porini kwa matrekta mawili ya mvuke, kwa ng'ombe, na zaidi ya yote kwa mabega ya mababu zetu, zikavuka milima ya Mitumba huku madaraja yakijengwa njiani. Zikapanda treni tena mpaka Bukama, zikateremka Lualaba mpaka Kabalo, zikapanda treni nyingine. Mwisho wa Oktoba zilikuwa Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba zilikuwa zimeshaikamata meli ya Wajerumani, Kingani. Kiongozi wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa akivaa sketi ya kaki, na wenzake walimcheka. Kwa muda ule ule, Julai mpaka Oktoba, ninyi wenye suti mmefikisha devi ya pili.

Au tuwatazame Wajerumani wenyewe. Julai 1916 walipoizamisha meli yao Graf von Götzen katika ziwa hilo hilo, kwenye mdomo wa mto Malagarasi, walizipaka mashine zake grisi nzito kwanza. Mwaka 1924 meli ikatolewa majini, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka kadhaa ndani ya ziwa, na mashine zake zikafaa kutumika. Ya kwetu inakaa miezi mitano kwenye depo lako, pakavu, chini ya paa, na ikitoka imepungua bolti. Tungejua, tungekuomba uizamishe.

Basi haya ndiyo maombi yetu. La kwanza, moteri ipewe matrikuli na mshahara, kwa kuwa inaonekana ofisini zaidi kuliko mawakala wengi. La pili, devi ziandikwe kwa kalamu ya risasi, tuokoe karatasi. La tatu, wale wasindikizaji wanne wapewe makasia.

La nne tumelifikiria kwa upendo. Kwa kuwa moteri haiwezi kufika ziwa Moero kwa wakati, tunaomba ziwa liletwe Lubumbashi.

Usicheke. Katanga imezoea kutengeneza maziwa. Umeme wa shaba ulipohitajika, Lufira ilizibwa kule Mwadingusha, na tangu 1930 tuna ziwa la Tshangalele. Lualaba nayo ikazibwa kule Nzilo, tukapata lingine mwaka 1952. Ikiwa shaba ilistahili maziwa mawili, moteri yenye bei ya pikipiki nne inastahili hata moja. Tena nusu ya kazi imeshafanywa na Mungu: mto Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, Luapula inaingia Moero. Njia ipo. Kilichobaki ni maji kupanda badala ya kushuka, na ofisi iliyoweza kuipandisha bei ya segma haitashindwa na mteremko.

Moero lina zaidi ya kilomita za mraba 5,000, kwa hiyo tutabanana kidogo. Sehemu ya Zambia tutawaachia palepale, tusiharibu ujirani. Yetu ianzie mbele ya hoteli ya Karavia, ambako tayari kuna kiziwa cha kuipokea, ifunike mtaa wote wa Golf. Wakazi wa Golf wana ghorofa, watahamia juu. Mitaa ya wanyonge imezoea maji ndani ya nyumba kila masika, haitaona tofauti. Maji yakipita vizuizi vya RN5, yalipe peaji kwa pipa na yapewe risiti. Gati lijengwe chini ya dirisha lako, ili moteri itoke mezani kwa fundi, hatua kumi, na iko majini. Wasindikizaji wanne waisindikize hizo hatua kumi, nasi tutawalipa misheni ya siku nne pamoja na malazi. Na waziri atakapokuja kukata utepe, makobo avuliwe mbele yake, hata kama ni Desemba.

Tunatambua kwamba ziwa linaweza kuchelewa, pengine likwame Kasumbalesa. Kwa hiyo lipo ombi la tano, lisilo na mzaha. Moteri ifunguliwe 1 Desemba, siku uvuvi unapofungwa. Fundi ateremke Kasenga na sanduku lake la funguo, kwa kuwa nauli ya mtu mmoja ni ndogo kuliko ya moteri na wasindikizaji. Devi iandikwe mara moja, ibandikwe ukutani gatini, kila mtu aisome. Kazi iishe kabla ya Machi.

Hayo yote hayaongezi hata franka moja. Ndiyo sababu, nadhani, hayajafanyika. Moteri nzima haina misheni, haina devi ya pili, haina matabishi. Ikiwa mbovu inalisha watu wengi hapa mjini kuliko ikiwa ziwani inavuta samaki. Hilo tumelielewa sasa, na tunakupongeza kwa uvuvi wako.

Kwa hiyo Juni hii usimtume mkusanyaji. Mchango tutautoa Desemba, Kasenga, mkononi mwa fundi, mbele ya wote, na risiti tutaiandika sisi.

Kwa heshima zote zilizobaki,

Mla tomson wa Lubumbashi