Tumsifu Kijana wa Likizo

Vimeshasifiwa vitu vya ovyo kuliko hiki. Lucian, mzaliwa wa Shamu ya kale, alimwandikia nzi sifa zinazomstahili mfalme. Erasmus wa Rotterdam akachapisha mwaka 1511 kitabu kizima ambamo Upumbavu anapanda jukwaani na kujisifu mwenyewe. Basi sioni haya na mimi kusimama hapa Muze, chini ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa, mwezi wa sita huu, nikamsifu kiumbe ambaye karibu kila kaya ya bondeni inaye na hakuna inayomshukuru: mwanafunzi wa kidato cha pili aliyerudishwa nyumbani likizo bila hiari yake.

Niliye naye karibu ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Anasoma shule ya kutwa Sumbawanga mjini na anakaa kwa shangazi yake, huko juu Ufipa ambako mwezi wa sita mtu hunywa chai akiwa amejifunga blanketi. Siku shule inapofungwa hupakiwa kwenye gari la Muze pamoja na magunia ya viazi mviringo na ndoo tupu za wafanyabiashara wa samaki. Kutoka Ntendo barabara inaanza kutafuta bonde kwa kona kali. Kimo kinapungua kwa karibu mita 1,000, na abiria huvua nguo moja moja. Yeye havui. Nasikia sweta lake hubaki mwilini mpaka mlangoni kwa mama yake, jasho likimtiririka, ili wote tuone kwamba huyu ni mtu wa juu aliyeshushwa kwa nguvu. Huo ndio msimamo. Wanasiasa wetu wangapi wamefika nao bondeni?

Bibi yake humsubiri kwenye mkeka. Bibi ni Mfipa wa zamani, na kwake salamu ni kazi yenye hatua: unachuchumaa, unapiga makofi ya taratibu, unauliza, unaulizwa, mpaka ukoo mzima utajwe na hali yake ijulikane. Kijana huchuchumaa nusu, hupiga kofi moja na nusu, husema “Shikamoo Bibi,” na macho yake tayari yanazunguka ukutani kutafuta tundu la chaja. Bibi hujibu marahaba na kuendelea na salamu peke yake, sehemu zote mbili, yake na ya mjukuu. Kwa hiyo hakuna mila iliyopotea. Imehifadhiwa na mtu mmoja badala ya wawili, na hapo pameokolewa nguvu kazi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shemeji yangu huisubiri siku hiyo ya tatu kwa hamu. Lakini mwanawe ni msomi, na alishapata jibu kabla jembe halijatoka uchagoni: “Baba, mimi si mgeni. Hapa ni kwetu.” Methali ikaanguka hapo hapo. Nimehudhuria mabaraza ya usuluhishi ya kata yenye hoja hafifu kuliko hiyo.

Kuhusu chakula sitasema mengi, kwa kuwa mfano wake umelala mbele yetu, unaonekana toka kilimani. Ziwa Rukwa hupokea Songwe, hupokea Momba, hupokea Rungwa na vijito vyote vinavyoteremka kutoka Ufipa, na halina hata mto mmoja unaotoka. Kinachoingia kimeingia. Kikipungua ni kwa mvuke tu, kwa jua. Mpwa wangu ni hivyo hivyo: ugali wa mchana, wali wa usiku, uji, kambale mkavu wa kuungwa na karanga, vyote vinaingia, na kitu pekee kinachotoka ni jasho la usingizi wa mchana. Wataalamu husema ziwa hilo hupanuka na kunywea kwa vipindi visivyotabirika. Dada yangu anasema mwanawe yuko katika kipindi cha kupanuka.

Sasa niingie kwenye matendo, maana sifa bila matendo ni mipasho.

Anayepanga kalenda ya shule bila shaka ana nia njema, lakini kalenda yake na ya bonde letu zilikutana mahali pabaya. Wizara huandika “likizo”. Shamba, katika wiki hizo hizo, limeandika “mavuno”. Mpunga uliopandwa nyuma bado haujakatwa, mahindi yanavunjwa, na ufuta, mungu wetu mdogo wa fedha, hausubiri mtu. Ufuta hukatwa kabla vitumba havijafunguka. Hufungwa matita, husimamishwa wima ukauke, kisha tita hugeuzwa kichwa chini juu ya turubai na kupigwapigwa mbegu zidondoke. Ukichelewa kukata, vitumba hufunguka vyenyewe shambani na kila upepo unamwaga fedha ya mtu chini. Ni kazi ya mgongo na ya saa, na ndiyo kazi ambayo baba yake alimgawia.

Kijana alisimama pembeni ya shamba, akachuma kitumba kimoja, akakikagua. Akatuambia kwamba mmea hujisambazia mbegu wenyewe kwa makusudi, kwamba hilo wamelisoma, na kwamba sisi tunaukata katika hatua muhimu ya maisha yake. Mimi nina umri wa kutosha na nimelima ufuta miaka mingi. Sikuwahi hata mara moja kuusikiliza upande wake. Alipomaliza kuutetea alikaa kwenye kivuli cha mwembe, na akakaa huko mpaka matita ya mwisho yaliposimamishwa na watu wasio na elimu.

Baba yake akambadilishia idara, akampeleka dunguni kuamia ndege kwenye mpunga. Hapa naomba msomaji avue kofia.

Ndege wa bonde hili si wa mchezo. Kweleakwelea wakija huja wingu zima, na serikali yenyewe, ikielemewa, hutuma ndege ya kunyunyizia dawa. Sisi tulimtuma yeye. Kuamia kwa kawaida ni kelele tangu alfajiri hadi magharibi: kupiga debe, kurusha kombeo, kukimbia huku na huku kwenye tope ukimtukana ndege kwa jina. Kijana alitazama kazi hiyo kwa siku ya kwanza yote bila kuigusa, na baba yake akadhani ni uvivu. Kumbe ulikuwa utafiti. Kesho yake alikusanya makopo matupu ya rangi na ya maziwa, akayatunga kwenye kamba, akaipitisha kamba kutoka nguzo hadi nguzo juu ya mpunga, na mwisho wake akaufunga kwenye kidole gumba cha mguu wake mwenyewe. Kisha akalala.

Alipogeuka, makopo yalilia na ndege wakaruka. Alipojikuna, makopo yalilia. Alipoota anakimbizwa (nadhani na mwalimu wa hisabati) shamba zima lilitetemeka, na ndege wakahamia kwa jirani. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na ng’ombe zake alisimama, akatazama, akatikisa kichwa, akatazama tena, akaniuliza kwa sauti ya chini kamba hiyo inauzwa wapi. Kasoro ilijitokeza mchana wa jua kali, usingizi ulipozidi kina na kidole kikatulia. Lakini hiyo ni kasoro ya mtambo, si ya mvumbuzi. Baba alipomkuta hivyo na kumwamsha kwa fito, makopo yalilia kuliko siku zote, na nina ushahidi kwamba saa ile hapakubaki ndege hata mmoja kati ya Muze na ziwani.

Wanaolalamika kwamba kijana mmoja analiaibisha bonde wamesahau historia ya bonde lenyewe. Rukwa ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu. Balaa lililoanza mwaka 1930 lilidumu hadi 1944, likala mashamba ya sehemu kubwa ya Afrika ya kusini mwa ikweta, na mwaka 1949 likasababisha kuundwa kwa chombo cha kimataifa cha kudhibiti nzige hao, makao yake Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, ng’ambo ya mpaka wa Zambia. Sehemu iliyolisha dunia nzige kwa miaka hiyo yote haiwezi kuona haya kwa mlaji mmoja asiye hata na mabawa.

Shemeji yangu, alipoishiwa na fito, alimwita Mwalimu Nyerere. Ni kweli kwamba katika Elimu ya Kujitegemea, ya Machi 1967, Mwalimu aliuliza ni wanafunzi wangapi wanaotumia likizo zao kwa kazi za manufaa zisizo na malipo, kama kuchimba mfereji wa kijiji au kuwaonyesha watu faida ya choo cha shimo refu. Ni kweli pia kwamba alionya kuwa mifugo haiwezi kuachwa peke yake sehemu ya mwaka, wala shamba la shule halitawalisha wanafunzi ikiwa wote wako likizo wakati wa kupanda, kupalilia au kuvuna. Kijana alisikiliza kwa heshima. Akasema hayo wameulizwa kwenye mtihani na yeye alipata. Kisha akauliza, kwa unyenyekevu uliomuudhi baba yake zaidi, kama shamba hili la ufuta ni la shule.

Zamani mzazi alikuwa na silaha ya mwisho: “Nakulipia ada!” Tangu Januari 2016 elimu ya sekondari hadi kidato cha nne haina ada katika shule za serikali, na kilio hicho kimepoteza makali. Baba bado ana michango, sare, madaftari, na debe la mchele analompelekea shangazi, lakini jaribu kumfokea mtu kwa maneno “nakununulia madaftari” uone kama sauti inapanda. Mwana hujibu kwamba madaftari hayo ndiyo anayoyatumia, na kweli anayatumia. Amepewa maswali ya likizo, na mwezi wa kumi na moja kuna Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, ambao ukishindwa unarudia darasa. Kila panga linapotolewa chini ya kitanda, daftari la hisabati hufunguka. Katika nyumba ambayo baba na mama waliishia darasa la saba, nani atathubutu kusema neno mbele ya daftari lililo wazi? Tunapita kwa vidole. Hata kuku hufukuzwa. Limekuwa wazi ukurasa ule ule, wa kanuni ya eneo la duara, tangu alipowasili, na mimi ninayepita mara nyingi nimeshaikariri.

Lazima nimtaje na mdogo wake wa kike, kwa sababu watu wameniuliza mbona naye yuko likizo na simsifu. Yuko kidato cha kwanza hapa hapa kijijini. Anaamka kabla ya jogoo, anachota maji, anafagia, anabandika uji, anaenda na mama yake kwenye ufuta, anarudi kabla ya mama yake ili moto uwake, anaosha vyombo alivyolia kaka yake, na usiku nimeona taa yake ikiwaka juu ya maswali yale yale ya likizo, ambayo yeye amefika ya mwisho. Ningemsifu, lakini aina hii ya insha inataka kitu cha usumbufu, na yeye hajampa mtu usumbufu wowote. Mpaka sasa hakuna hata aliyegundua kwamba hajapumzika.

Turudi kwa shujaa wetu na faida zake kwa jamii. Kabla hajaja, dada yangu na mumewe walikuwa hawasemezani vizuri kwa sababu ya gunia moja la mpunga lililouzwa bei ya kutupa. Siku hizi wanakaa pamoja barazani jioni nzima, bega kwa bega, wakikubaliana juu yake. Majirani wenye vijana wao wavivu hupita kutazama na huondoka wamefarijika. Bibi naye amepata msikilizaji asiyeweza kukimbia, maana hataki kuamka, basi humsimulia jinsi wao walivyokuwa wakipanda mlima huu kwa miguu, mzigo wa samaki kichwani, hadi Sumbawanga, wauze na kurudi. Likizo ya mwaka jana mzigo ulikuwa kapu. Mwaka huu ni gunia, na mvua imeongezwa.

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Jana, bila kuitwa na mtu, aliamka alfajiri, akafua sare zake zote, akang’arisha viatu, akafunga begi, akachota hata ndoo mbili za maji kutokana na furaha. Baba yake alitazama tukio hilo akiwa mlangoni na hakuweza kusema kitu. Dada amemfungia mchele, ufuta wa kukaanga na kambale wakavu wa kumpelekea shangazi, na kijana ameulizia kama mzigo si mdogo. Desemba atarudi. Mwezi huo maembe ya Muze huwa yameiva na mvua za kupandia zimeanza, na ameshanieleza, mimi mjomba wake, kwa siri, ni kipi kati ya hivyo viwili anachokijia.